Ngoma ya Nusu katika Nchi ya Viini

Nilifikaje Nchi ya Viini? Nilikwenda, nikafika. Anayetaka habari za njia awaulize wenye mabasi. Mimi nina habari za huko kwenyewe, na nyingi ni za sheria, kwa sababu watu wa kule wanapenda sheria kuliko chakula. Chakula chenyewe sikukiona.

Mlinzi wa lango alinipokea kwa adabu. Alikuwa mtu mnene, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, na alizungumza kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Karibu, mgeni. Nusu ya wageni wanaoingia hapa huchoka kabla ya kilima cha kwanza wakarudi. Wewe ni wa nusu ipi?"

"Nitajuaje, mzee wangu, na sijapanda?"

"Sema yoyote. Sheria inataka jibu. Haikutaja kama jibu liwe la kweli."

Nikamwambia mimi ni wa nusu inayofika. Akanitazama miguu, akaguna, akafungua. Sikukasirika. Kwetu pia nimeshaambiwa na watu wenye meza kubwa kwamba watu wa namna yangu kwa kawaida hawafiki mbali. Nilipokuwa na kibanda cha chapati waliniambia vibanda vya namna ile kwa kawaida havidumu, kisha wakaja na tingatinga kuhakikisha. Kwa hiyo lile swali nililijua. Sura yake tu ndiyo iliyokuwa mpya.

Raia wa Nchi ya Viini hawaishi mmoja mmoja. Wanaishi katika nyumba za mviringo zilizojaa hadi mlangoni, na kila nyumba ina watu wa aina mbili. Kuna Wabishi, ambao Mbishi hawezi kumwona Mbishi mwenzake bila kumsukuma. Na kuna Wapole, ambao hawamsukumi mtu. Wapole hukaa katikati, wakashika mkono wa huyu na mkono wa yule, ili nyumba isipasuke. Mshiko wao una nguvu ya kutisha, lakini ni wa karibu tu. Asiyefikiwa na mkono hashikwi. Wangeondoka Wapole asubuhi, mchana kusingekuwa na nyumba hata moja, kungekuwa na Wabishi waliotapakaa nchi nzima kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Pamoja na hayo, nyumba hupewa jina kwa hesabu ya Wabishi peke yao. Yenye Wabishi ishirini na wanane ni Nikeli. Akizidi mmoja, ni Shaba. Wapole wawe thelathini, wawe hamsini, jina ni lile lile. Na barazani neno la Mbishi huandikwa, neno la Mpole husikilizwa kwa heshima kubwa na haliandikwi. Niliuliza sababu. Nikaambiwa Wapole hawajawahi kulalamika. Nikasema nimeelewa, maana hata kwetu tunahesabu hivyo hivyo.

Katikati ya nchi kuna bonde, na bondeni ndiko waliko waliotulia: Wabishi na Wapole wao wanatoshana, hakuna anayebadilika, na mazungumzo yao, kusema kweli, yanachosha. Niliketi jioni moja na nyumba ya Dhahabu. Walinieleza jinsi wasivyopenda watu wa Ukingoni, kule juu kwenye mteremko wa mbali, kwa kuwa nyumba za huko zimesheheni Wapole kupita adabu na hazikai jinsi zilivyo. "Leo anaitwa hivi, kesho anaitwa vile," walisema. "Hawana msimamo."

Baadaye nilikuja kujua kwamba Dhahabu yote ya bondeni ilianzia Ukingoni. Zamani ilinyesha mvua kubwa ya Wapole, zile nyumba zikawapokea kwa wingi mpaka zikavimba, kisha zikateremka polepole, zikibadilika jina kila ngazi, hadi zikafika chini na kuanza kusema vibaya juu ya mteremko.

Basi nikapanda Ukingoni.

Huko kuna Idara ya Kungoja. Kazi yake ni kujua nyumba za Ukingoni zinakaa kiasi gani kabla ya kubadilika, na zinabadilika kuwa nini, maana bila kulijua hilo hakuna awezaye kueleza Dhahabu ilivyopatikana, wala kwa nini ilipatikana kidogo. Mkuu wa Idara aliitwa Bwana Fumbwe, mtu mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Msikilizaji wake mkuu alikuwa Bi Mkejina, dada wa mke wake, mwanamke mwembamba mwenye masikio makubwa ambayo hakuyaonea haya. Wote wawili walikuwa wasomi, na walikuwa hawajakubaliana jambo lolote tangu harusi.

"Shemeji yangu huyu," Bwana Fumbwe aliniambia siku ya kwanza, "ana masikio ya kusikia sisimizi akivua viatu."

"Na shemeji yangu," akajibu Bi Mkejina, "ana mdomo wa kumwamuru avivae tena."

Bi Mkejina ndiye aliyenionyesha kazi. Nyumba za Ukingoni hazijengwi. Nyumba kubwa nzito hurushwa kwa kasi ikapigwa ukutani, na katika vipande vinavyotawanyika baadhi hujikusanya na kuwa nyumba ndogo ngeni, Wapole wengi, Wabishi wachache, zikiwa zinakimbia bado. Wasikilizaji huidaka nyumba kama hiyo kwenye mkeka mzito, ikazama kidogo, ikasimama. Chini ya mkeka kumetandikwa nyuzi zenye kengele. Pembeni kumetegwa mitungi mikubwa inayonasa sauti. Nyuma ya mitungi kuna mapipa ya nta. Kisha kila mtu anakaa, anangoja.

"Mnangoja nini hasa?" nikauliza.

"Mpole mmoja achoke kuwa Mpole," akasema.

Akanieleza. Wapole wakizidi, wa mwisho kuingia hupata vyumba vya juu kabisa, vya joto na vya kubana, na chini vyumba vya Wabishi viko wazi. Wanavumilia. Halafu mmoja wao anageuka. Hajasukumwa na mtu wala kushauriwa. Aliyekuwa Mpole anakuwa Mbishi, anajitwalia chumba cha chini, na nyumba inapata jina jipya. Papo hapo wanazaliwa wawili na kutoka mbio: Mjumbe, mdogo, mwepesi, anayegonga kengele zote akipita, na mwenzake asiyeonekana, anayepita ukuta, mlima na watu bila kugusa kitu. Nyumba inabaki imehamaki. Inaimba mpaka itulie, na wimbo huo ukiusikiliza vizuri unakuambia vyumba vya ndani vimepangwaje. Na pengine hamaki huwa kubwa mno hata Mpole mwingine, asiye na kosa, akarushwa nje ya dirisha. Mapipa ya nta ni ya kumdaka huyo. Hukimbia ndani ya nta mpaka achoke, halafu wanampa maji.

"Huyo asiyeonekana mnamjuaje?"

Bi Mkejina akacheka. "Kwa aibu yetu. Wazee wetu walipima joto la nyumba kabla na baada, likawa limepungua zaidi ya lile alilobeba Mjumbe. Wakasema Mjumbe ameiba. Wajumbe wakafungwa, wakapekuliwa, wakatikiswa miguu juu. Hakukuonekana kitu. Wengine wakapendekeza tufute sheria ya joto. Mwisho akasimama mtu mmoja akasema, jamani, huenda wanatoka wawili. Wakamcheka mpaka akajicheka mwenyewe. Ndiyo ilikuwa kweli."

"Na wale waliofungwa?"

"Waliachiwa. Sheria ya kuwapekua ipo hadi leo."

Sasa nije kwenye ngoma, maana ngoma ndiyo iliyotaka kumwangamiza mtu.

Muda mfupi kabla sijafika, Ukingoni paliteremshwa kundi la nyumba za Nikeli za aina moja, kila moja Wabishi ishirini na wanane na Wapole hamsini. Zilikuwa pacha tupu. Bi Mkejina alikaa akasikiliza. Nusu yao ilipokwisha kubadilika, akapiga ngoma. Akangoja tena muda ule ule, na nusu ya zilizobaki ikawa imebadilika, akapiga tena. Ngoma ilikuwa habari tu, kama mtu anayeita kwamba mvua imeanza.

Lakini Bwana Fumbwe aliisikia, akaipenda. Akaichukua ngoma, akaiweka ofisini kwake, akawa anaipiga yeye kwa muda ule ule. Kila akiipiga, nyumba karibu nusu zilikuwa zimeshabadilika, na yeye akaona anatiiwa. Ikatoka Sheria ya Nusu: kwamba kwa kila ngoma nusu ya nyumba zilizopo *itabadilika*, na isiyobadilika imekaidi.

Ikaenda hivyo. Nusu, na nusu yake, na nusu ya nusu, mpaka uwanjani ikabaki Nikeli moja. Ngoma ikapigwa. Ile nyumba ikakaa.

Nilikwenda kuitazama. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, kanga mabegani, mkono mmoja umemshika Mbishi mmoja na wa pili umemshika mwingine. Aliitwa Bi Mize, Mpole wa chumba cha juu kabisa, na chumba cha juu kabisa, kama nilivyoeleza, ndicho wanachokitazama maofisa wakitaka kujua nani atafuata. Alikuwa amepigwa chaki begani. Alama ya chaki maana yake: wewe ndiye utakayebadilishwa.

"Karibu, mwanangu," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya chini hata nikajikuta nimeinama. "Usimjali huyu anayenipiga teke. Ni Vuai. Hana ubaya, ana miguu."

"Sina nafasi!" akafoka Vuai, Mbishi wa mkono wake wa kulia. "Mtu ana miguu, aiweke wapi? Aitundike?"

"Umesikia?" Bi Mize akasema, na akatabasamu kama mama anayemsikiliza mtoto akisoma.

Nikamuuliza kama anaogopa.

"Kubadilika siogopi. Wenzangu wote wamebadilika, nimewasikia wakiteremka wanaimba. Naogopa kubadilishwa. Wakinivuta kwa nguvu sitajua tena kama ile ilikuwa saa yangu au saa yao. Na hawa nimewashika. Nikivutwa ghafla wataanguka."

Hilo ndilo alilotaka, na halikuwa kubwa. Lakini baraza lilikuwa limeitwa.

Baraza la Ukingoni hukaa uwanjani, mbele ya mshtakiwa, ili asipate shida ya kusafiri. Bwana Fumbwe alisimama, akakunjua mikono yake taratibu.

"Ndugu zangu," akasema, "nyumba hii imechelewa. Wenzake wamekwenda, yenyewe ipo. Imezeeka. Ngoma ikipigwa tena sheria itimizwe: nusu yake ibadilike."

"Nusu ya nyumba moja, shemeji?" akauliza Bi Mkejina.

"Nusu ni nusu. Sheria haikusema nusu ya ngapi."

"Basi utaleta msumeno."

"Umeshaletwa," akasema Bwana Fumbwe, na kweli ulikuwepo, umefungwa kitambaa.

Ikazuka minong'ono. Bi Mkejina akasimama, na hapo nilimwona amebadilika sura. Mzaha wote ulimtoka.

"Hiyo ngoma niliipiga mimi kabla yako. Niliipiga kusema yaliyotokea. Nyumba hazikuisikia ngoma, Fumbwe, ngoma ndiyo iliyozisikia nyumba. Zikiwa nyingi sana ngoma inasema kweli, ikiwa moja ngoma haina la kusema. Itabadilika sasa hivi, au ngoma kumi zipite. Na haijazeeka! Nyumba hizi hazizeeki. Iliyokaa muda mrefu leo ni mpya kama ilivyoshuka. Ukiipasua, hutajua kamwe ilikuwa inataka kukaa mpaka lini, na hilo ndilo tulilokuja kulijua, vinginevyo twende nyumbani tukalale."

Watu wakatikisa vichwa wakikubali. Bwana Fumbwe naye akatikisa kichwa akikubali.

"Maneno mazuri sana," akasema. "Tatizo ni kwamba nikiiacha hii, kila nyumba itataka kukaa inavyopenda."

"Zinakaa zinavyopenda!"

"Ndiyo maana nasema ni tatizo."

Mmoja wa maofisa wa bondeni, aliyekuja kukagua akiwa na pete ya dhahabu sikioni, akauliza kama mshtakiwa ana la kusema. Bi Mize akasema kwa sauti yake ya chini kwamba anaomba aachwe mpaka saa yake. Wote wakamsikiliza kwa heshima kubwa. Karani aliinua kalamu, akatazama, akaona ni Mpole, akaishusha. Vuai akapiga kelele, "Na mimi nasema hapa pamebana!" Karani akaandika.

Baraza likaamua msumeno.

Wana desturi moja kule: hukumu isiyopendeza hutekelezwa na mgeni, ili asije mwenyeji akalaumiwa. Nikaona macho yote yamenigeukia. Nimewahi kusingiziwa mengi, lakini kukabidhiwa msumeno kwa makofi ilikuwa mara ya kwanza. Msumeno ulikuwa mrefu, na ulikuwa mpya.

Kukataa kungeleta mgeni mwingine, tena labda fundi. Nami katika maisha yangu nimekaa na kamati nyingi, za mtaa, za soko, hata za kubomoa kibanda changu, nikajifunza jambo moja. Nikapandisha mikono ya shati, nikaupima msumeno mlangoni, kisha nikauliza kwa unyenyekevu:

"Waheshimiwa, nipasue kwenda chini au kwenda upande?"

"Kwenda chini, bila shaka," akasema Bwana Fumbwe.

"Kwa nini chini?" akasema ofisa wa bondeni. "Kwenda chini kila nusu itakuwa na Wabishi kumi na wanne. Kumi na wanne ni nyumba nyingine kabisa. Tutakuwa tumetengeneza nyumba mbili badala ya kubadilisha nusu."

"Basi upande."

"Upande, Wapole wa juu wote watabaki bila Mbishi hata mmoja. Hiyo si nyumba. Hiyo itaitwaje? Haina jina!"

"Samahani," nikasema, "halafu niambieni pia, nusu gani ndiyo imebadilika na nusu gani ndiyo imebaki? Nisije nikapasua vizuri mkaniambia nimekosea upande."

Ewe msomaji, sijawahi kuuliza swali lililopokelewa vizuri namna ile. Walianza kwa zamu, wakaendelea kwa pamoja. Ofisa wa bondeni alichora duara mchangani, Bwana Fumbwe akalifuta kwa kiatu. Mtu akapendekeza ipigwe kura, na kanuni ikataka kila mtumishi wa Idara apige, basi wasikilizaji wote wakaitwa kutoka kwenye mitungi yao na nyuzi zao, wakakusanyika upande wa pili wa uwanja, wakiupa mgongo mkeka. Bi Mkejina alikataa kwenda. Wakambeba kwa heshima, akipiga kelele kwamba mitungi isiachwe.

Nikabaki mimi, na msumeno, na nyumba.

Pale palitulia. Niliuegemeza msumeno kwenye mtungi, nikafuta jasho. Bi Mize alikuwa ananitazama.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Kaa hapa kizingitini. Pana nafasi kidogo, ukijibana hapa karibu na Vuai, pana nafasi, kama tu *huyu Vuai angeondoa hii miguu yake kama mizizi ya mbuyu!*"

Niliruka. Sauti iliyoanza chini ilimalizikia juu ya paa. Vuai alikodoa macho.

"Mize?"

"Mize nini! Toa miguu! Nimeishika mikono yako tangu tuanguke hapa, sijasema neno, leo utanisikia!"

Mjumbe akanipita kwapani kama cheche, kengele zote za mkeka zikalia kwa mpigo. Wa pili sikumwona. Nasema alinipitia kifuani kwa sababu nilikuwa njiani, na hakuna kitu nilichohisi. Hilo ndilo linalomtambulisha. Dirisha la juu likafunguka, Mpole mmoja akaruka nje akiomba radhi hewani, akatumbukia kwenye pipa la nta. Kisha nyumba ikaanza kuimba.

Wimbo ulipanda mara moja, ukakaa, ukashuka kwa ngazi mbili, ukatua. Chaki ilikuwa bado begani kwa Bi Mize, lakini mikono yake haikuachia mtu. Alikwenda kwenye chumba chake kipya akiwa amewashika, akiwavuta pamoja naye, na hakuna aliyeanguka.

Kule kwenye kura waligeuka. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Bwana Fumbwe alitazama nyumba, akaitazama ngoma, na nitampa sifa yake, hakusita. Alikwenda mbio akaipiga.

"Imetii!" akatangaza. "Ngoma imelia na Nikeli imekuwa Shaba. Andikeni."

Karani akainamia kalamu. Bi Mkejina alikuwa amefika kwenye mitungi yake, amekaa chini, mikono kichwani. Nyumba ya mwisho, iliyokaa kupita zote, imesema lake na hakuna sikio lililokuwepo.

"Ngoma imepigwa baadaye," nikasema.

"Mgeni hajapimwa," akasema Bwana Fumbwe kwa upole. "Masikio ya mgeni hayakaguliwi na Idara, hivyo hayasikii. Andika, karani."

"*Usiandike!*"

Karani akashtuka, akatazama mlangoni. Alikuwa Bi Mize, amejaza mlango, kanga imemteleza.

"Nilikuwa ndani, Fumbwe! Wewe ulikuwa unachora maduara! Ngoma yako imelia nikiwa nimeshamaliza kugombana na Vuai, tena nilikuwa namrudia mara ya pili. Andika hivyo. Andika: *ngoma imechelewa.*"

Karani alitazama. Akaona ni Mbishi. Na sheria ya nchi ile, kama nilivyotangulia kusema, haina mzaha katika hilo: neno la Mbishi huandikwa. Akaandika.

"Sheria ni sheria, shemeji," akasema Bi Mkejina kutoka chini, na nikaona mabega yake yanatikisika, kucheka au kulia sikuweza kujua. Kisha akasimama, akanishika mkono. "Wewe uliusikia wimbo?"

"Niliusikia."

"Uimbe."

Mimi si mwimbaji. Nimewahi kuombwa ninyamaze msibani. Lakini nikauimba, nikapanda, nikakaa, nikashuka.

"Sivyo!" Bi Mize akapiga kelele toka mlangoni. "Umeruka ngazi! Inashuka, inasimama, *halafu* inashuka. Tena pole pole. Hujui kuimba, mwanangu, nani alikudanganya?"

Akauimba yeye, kwa sauti ya kusikika bondeni, na Vuai akamrekebisha, na Bi Mize akamrekebisha Vuai, na Bi Mkejina amefumba macho, masikio yake makubwa yamesimama, akivipanga upya kichwani kimoja baada ya kingine vyumba vya ndani vya nyumba ile. Ofisa wa bondeni alikuwa ameshika pete yake ya sikio. Alisema polepole kwamba wimbo ule, mwisho wake ule, kwao bondeni mabibi zao huwaimbia watoto. Alibaki ameishika pete.

Yule Mpole wa kwenye pipa alitolewa, akapewa maji, akauliza kama amemkosea mtu. Akaambiwa hapana. Hakuamini.

Shaba ile haikukaa Ukingoni muda mrefu. Ilianza kuteremka siku hiyo hiyo kuelekea ngazi inayofuata, ambako, nilielezwa, imeshaandaliwa ngoma nyingine na Sheria nyingine, na mtu mwingine wa chumba cha juu atapigwa chaki. Bi Mkejina aliomba kuifuata. Bwana Fumbwe alimruhusu upesi kuliko kawaida yake, ila ngoma hakumpa. Msumeno niliurudisha ukiwa safi, wakanishukuru kwa utendaji.

Langoni nilimkuta mlinzi yule yule, kofia ile ile.

"Nusu ya wageni wanaotoka hapa," akaanza, "wakifika kwao husema wameona, na nusu husema hawakuona kitu. Wewe ni wa nusu ipi?"

Kutoka mteremkoni sauti ya mwanamke ilikuja na upepo, imeshakwenda mbali: "Vuai! Miguu!"

"Kaa usubiri," nikamwambia mlinzi, nikatoka.